LLVM ikikwama kwenye linka

Vijana wa hapa Malindi wanaonijia na LLVM (mkusanyiko wa zana za kutengenezea kompaila, ikiwemo clang, kompaila ya C na C++) iliyogoma kujengwa karibu wote husimulia jambo lile lile: faili zote zimekompailiwa salama, kisha linka, programu inayoziunganisha faili hizo kuwa moja, ikafa. Mkono unawawasha kufuta kila kitu na kuanza upya. Tulia, mwanangu. Panda juu hadi kwenye hitilafu ya kwanza uisome. Zinazofuata mara nyingi ni vilio tu vya ile ya kwanza.

Ukikuta "ld terminated with signal 9", linka karibu kila mara haina kosa. RAM imekwisha, na kerneli, kiini cha Linux, imeiua ili mashine isigande. Ukiandika `sudo dmesg` utaona ni nani aliyeuawa. Kuunganisha clang yenye taarifa za debagi hula gigabaiti kadhaa kwa linka moja, na Ninja, programu inayoendesha kazi ya kujenga, hufungua linka nyingi kwa pamoja. Kwa kompyuta ya GB 8 mimi hutumia hivi:

`cmake -G Ninja ../llvm -DLLVM_ENABLE_PROJECTS=clang -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1 -DLLVM_USE_LINKER=lld`

Release huacha zile taarifa za debagi, X86 hukuepusha na prosesa usizozihitaji, na ile 1 huzipanga linka foleni. Sakinisha lld, linka ya mradi wa LLVM wenyewe, kwanza. Ni nyepesi na ya haraka kuliko ld ya kawaida. Kazi yenyewe ianze usiku, hasa miezi ya kaskazi, maana mchana prosesa itapunguza kasi kwa joto.

Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya kazi, baadhi ya faili za `.o` (zilizokwisha kukompailiwa) zaweza kubaki tupu kabisa, na Ninja huenda ikazihesabu kuwa tayari. Umeme ukirudi, linka inalalama kwamba haitambui aina ya faili, nawe unaanza kuishuku kompaila. Ingia kwenye folda ya kujengea:

`find . \( -name '*.o' -o -name '*.a' \) -size 0 -delete`

Kisha `ninja` tena. Zilizo nzima hazitaguswa, kazi ya usiku kucha haipotei.

"undefined reference" ukiunganisha kwa mkono? Tazama mpangilio. ld husoma kutoka kushoto, kwa hiyo maktaba ya `.a` ikae baada ya faili inayoihitaji.

Lile la "cannot find -lz" huwachanganya watu kwa sababu `libz.so.1` wanaiona kwa macho yao. Hiyo ni ya programu zinazoendeshwa. Linka inatafuta `libz.so` au `libz.a`, na kwenye Debian na Ubuntu hizo huja na zlib1g-dev.

Hitilafu hiyo hiyo ikitaja `-lstdc++`, maktaba ya C++, ina kisa chake. Clang huchagua folda ya GCC, kompaila nyingine, yenye namba kubwa kuliko zote, hata kama maktaba ya C++ ya toleo hilo haipo. Kwenye Ubuntu 22.04 jambo hili huwakuta wengi: folda ya 12 ipo, maktaba iliyosakinishwa ni ya 11. Andika `clang++ -v`, tazama mstari wa "Selected GCC installation". Ukisema 12, sakinisha libstdc++-12-dev.