Maswali yenu ya geimu: huyu mtu wa sepetu anafaa watoto?

Shule zimefungwa na meseji zimebadilika, hakuna tena anaeniuliza simu gani inakaa na chaji, ni geimu tu, na nyingi ni za geimu moja, Shovel Knight. Kwa msioijua, ni mtu kavaa chuma mwili mzima na badala ya upanga kashika sepetu. Picha zake za viboksi viboksi kama zile TV geimu za kaseti (wakumbuka ile imeandikwa 9999 in 1 kumbe ni geimu chache zajirudia na majina tofauti), waenda kushoto kulia, waruka mashimo, wachimba vito, ukikutana na adui wampiga sepetu au wamdundia kichwani. Lakini si ya zamani, ilitoka 2014, imetengenezwa na Yacht Club Games wa Marekani kwa pesa za mchango, mwaka wa 2013 waliomba watu dola 75,000 kwa Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha, wakapewa zaidi ya 311,000. Haya twende.

Mama wa wawili, Tudor: Mjomba wao kawaletea laptopu imo hio geimu. Mmoja ana miaka 6 mwengine 10. Niwaache?

Wa 10 mwache hata leo. Wa 6 acheze na mtu mkubwa kando. Ulaya wameipa alama ya miaka 7 na sina ubishi nayo, damu hakuna, adui akipigwa anapotea tu anaacha vito, uchi hakuna. Ila mama jua ile alama yapima mtoto ataona nini, haipimi kama geimu itamshinda, na hii itamshinda, sana.

Kitu nachoipendea mimi ni kingine. Haina matangazo, haina kitufe cha "nunua sarafu" katikati ya steji, haina watu wasiojulikana wa kuchati na mwanao. Ukishanunua umenunua, basi. Geimu za bure za simu ambazo hatuziulizi maswali hata kidogo ndo zimejaa hayo mambo.

Baba, Mikindani: Kijana wangu wa miaka 8 anakufa anakufa mpaka juzi karusha padi ukutani. Ubaya uko kwa geimu ama kwa mtoto?

Kwa geimu kiasi, tuseme ukweli. Waliotengeneza wamefuata makusudi zile za miaka ya 80 kina Mega Man, na zile zilikua ngumu manake kaseti yenyewe ilikua na nafasi ndogo, steji chache, sasa ukitaka mtu acheze mwezi mzima wafanyaje, wamuua kila dakika. Tofauti ni kwamba zamani ulipewa roho tatu zikiisha unaanza mwanzo, wa steji ama wa geimu nzima, na hapa hakuna kuhesabiwa roho, ukifa warudi kwa taa ya mwisho uliyopita ndani ya ile steji.

Unachopoteza ni pesa. Ukifa sehemu ya dhahabu yako inabaki pale pale ulipofia, vifuko vina mbawa vinaelea hewani vinakungojea, ukirudi ukavishika ni vyako tena, ukifa kabla ya kuvishika vimeenda. Sasa mtazame mwanao vizuri hapo baba. Aghalabu vifuko vinaelea juu ya lile shimo alilotumbukia, na mtoto hawezi kuacha pesa yake, anaruka kufuata vifuko badala ya kuvuka, anatumbukia tena, anaacha vyengine, anavifuata na hivyo, na hasira ya padi inatoka hapo wala si kwa bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa steji. Mwambie maneno mawili tu, "wacha pesa". Dhahabu imejaa, atarudi steji ya nyuma aliyoimaliza achimbe tena.

Na pili, zile taa za kioo anazorudia akifa zinavunjika, ukizipiga zinatoa vito, lakini ukishavunja hio taa haikusevii tena. Ni mtego wa walafi na wameuweka kusudi, ni ujanja mzuri sana kwa mtu mzima. Kwa wa miaka 8 weka sheria, hakuna kuvunja taa. Halafu mpeleke kijijini ndani ya geimu anunue tikiti ya chakula ampelekee mpishi, akipikiwa uhai wake unaongezeka. Watoto wengi wanakimbilia silaha za kutupa wanasahau tumbo.

Padi nyengine usimnunulie haraka haraka, angoje mkono wa Idi ajinunulie mwenyewe.

Khalti, Mji wa Kale: Nimeona mifupa yatembea, na makaburi, na mkubwa wao ni mchawi. Hivi ndo vitu vya kuingiza nyumbani?

Shikamoo khalti. Umeona sawa, vimo. Kuna steji yaitwa Lich Yard, makaburini, giza, mara radi yapiga ndo waona pale pa kukanyaga, na mwisho wake yuko Specter Knight na mundu wake mrefu. Mkubwa wao Enchantress ni mchawi kweli, yeye ndo adui, lakini sitakuficha, hata shujaa mwenyewe anatumia vifaa vya nguvu za ajabu ajabu. Mambo ya kusomea mtu au kufundisha uganga hakuna.

Hadithi ya huyu shujaa wa sepetu ni kwamba alikua na mwenzake, Shield Knight, wakapoteana kwa mnara mmoja, na kila baada ya muda jamaa analala kando ya moto anaota mwenzake anaanguka kutoka mbinguni kidogo kidogo na wewe inabidi ukimbie chini yake umdake huku maadui wanakuja pande zote. Mimi naona hapo ndo patamgusa mtoto kuliko mifupa. Kila nyumba na mpaka wake khalti, na hio steji ya makaburi iko mwanzoni, sio lazima ungoje wiki kuiona, keti nao ile siku ya kwanza uamue. Ukisema hapana hakuna atakaekulaumu. Na wakikuonyesha yule mfalme nusu tufaha nusu samaki wala usishtuke, huyo ni wa kuchekesha tu na kazi yake kubwa ni kucheza densi na samaki wenzake.

Kijana, Kisauni: Broo iko APK ya bure niwekee wadogo zangu kwa simu?

Hii ya asili haikutolewa kwa simu za kawaida, ukiona APK (lile faili la kuweka programu kwa simu) ya bure ujue umeekewa kitu chengine ndani. Iko kwa kompyuta, Switch, PlayStation na Xbox, na haihitaji mashini ya nguvu, laptopu ya mtumba inaibeba. Kulipa tumia ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay na ungoje seli za kupunguzwa bei, zinakuja kila mara.

Mama, Likoni: Wawili, TV moja, kila siku vita.

Geimu ina hadithi nne ndani. Ile ya kwanza, Shovel of Hope, wanacheza wawili pamoja kwa TV hio hio. Hizo hadithi nyengine tatu za kina Plague Knight ni za mtu mmoja, na kuna Showdown ya kupigana mpaka watu wanne lakini kwa vile ushasema vita hio ipitie mbali.

Kama padi ni moja, achaneni na sheria ya "ukifa toa". Sheria hio ni ya mkubwa, yeye hafi, mdogo anapata nusu dakika kisha anangoja robo saa, lazima apige kelele. Wapeane padi kila wakifika kwa taa, awe kafa mara moja ama ishirini. Na kama mdogo ni mdogo kweli kweli tafuta Sonic Mania ya 2017, wa pili anakua Tails, yule mbweha mwenza wa Sonic, akipotea anarudi mwenyewe akiruka, hamharibii mwenzake chochote.

Mama, Bamburi: Saa ya chuo ikifika nazima TV, mtoto alia ati nimempotezea kila kitu. Ni kweli ama ananicheza?

Ni kweli mama. Inajisevu steji ikiisha, ukichomoa katikati kapoteza yote aliyopata humo ndani. Kwa hivyo mkataze kuanza steji mpya ikikaribia saa ya kutoka, usingoje afike kwa bosi. Stima ikipotea hio hamna wa kumlaumu.

Baba, Changamwe: Na Cuphead je? Ile nayo si katuni tu?

Haya, hii ndo ya kuogopa kidogo japo yaonekana tamu kuliko zote. Ni ya 2017, imechorwa kwa mkono kama katuni za miaka ya 1930, vikombe viwili ndugu, kila mtoto ataitaka. Lakini hadithi yaanza na hao ndugu kuingia kasino ya shetani, wanacheza kamari, wanaliwa, na ili waachiwe roho zao inabidi wazunguke kumdaia shetani madeni ya wengine. Marekani wameiandika miaka 10 kwenda juu. Hapa kwetu ambapo mtoto anaona tangazo la beti kabla hajamaliza chai ya asubuhi, mimi singempa bila kukaa nae tuongee hio kasino ni nini na kwanini walipoteza.

Halafu ni ngumu kuliko hii ya sepetu, mabosi hawana taa ya njiani, ukifa umebakisha kidogo tu waanza upya. Kama kwako kuna mrusha padi usiilete. Kama uko na kijana wa sekondari ni nzuri mno, ni ya watu wawili, mwachie yeye kile kikombe chekundu wewe chukua cha bluu, Mugman, na ujitayarishe kuchekwa manake utakufa wewe kwanza.