Mwekeni mzoefu nyuma

Swali lenu la wiki hii linauliza: marafiki wakisafiri kundi, nani aongoze, mwenye chombo bora, anayeijua njia, au aliyewazidi wote umri? Jibu langu ni kwamba anayeijua njia akae mbele, lakini msimpe ukuu kwa sababu hiyo. Anayeongoza kweli awe wa mwisho kabisa.

Nauza spea za pikipiki hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na marafiki zangu wengi nimewapatia dukani. Tulipopanga kwenda Fort Portal, magharibi mwa nchi, kwenye mkusanyiko wa waendesha pikipiki, tulikuwa watano na mashine zisizofanana hata kidogo. Daktari wa mifugo alikuwa na Honda XL 125, ile ambayo mashirika huiuza mnadani ikishachoka. Mwalimu alikuja na Boxer ya cc 100, nami nina Boxer ya 150. Hajji, dereva wa malori mstaafu, ana Yamaha DT 125 ya tu-stroku, injini inayochoma oili pamoja na petroli, inayotoa moshi hadi jirani anajua Hajji ameamka. Wa tano alikuwa na pikipiki kubwa ya cc 650, na yeye hakuona kama kuna la kujadili. Mashine yake ndiyo kubwa, basi yeye mbele.

Nilimkatalia, nikamweleza kinachotokea kwenye mstari wa pikipiki. Wa mbele akitoka kwenye matuta ya senta, yaani kimji cha biashara kando ya barabara, anafungua mafuta papo hapo. Wa pili bado yuko juu ya tuta, wa tatu ndiyo kwanza analifikia. Wa tano anapolivuka, mwenzake wa mbele ameshapotea konani, na lazima akimbie kuliko wote ili awafikie. Halafu tuta jingine, mchezo uleule. Wa mbele akienda 80 kwa raha zake, wa nyuma mara anapiga 100, mara anasimama. Kwenye kupita malori ni hatari zaidi. Wa kwanza ameona nafasi, amepita trela na kuendelea na safari. Wa tatu anakutana na basi uso kwa uso, anarudi nyuma ya trela, na sasa ana presha ya kutoachwa. Mtu mwenye presha hupita pale ambapo asingepita akiwa peke yake.

Kwa hiyo mpangilio wetu ulikuwa huu. Daktari mbele, kwa sababu kazi yake imemzungusha kila wilaya na hana haraka na mtu. Mwalimu na kaboxer kake wa pili, aonekane kwenye kioo cha daktari muda wote, na mwendo wake ndio uwe mwendo wa kundi. Mimi wa tatu. Mwenye 650 wa nne, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu za kukimbilia mbele kupeleka habari. Hajji mkiani, na begi la spana, pampu, tyubu, solusheni na bandeji.

Nilikuwa na wasiwasi wa kumwambia mtu mzima akae nyuma ya watoto. Kwetu mkubwa hutangulia. Nilipofungua mdomo tu, akanikata: "Wewe kijana, mbele nitaona nini, matako ya lori? Niacheni nyuma niwahesabu."

Sheria yetu ilikuwa moja: kila mtu ni mlinzi wa taa iliyo nyuma yake. Taa zinawashwa hata mchana. Ukiitazama kwenye kioo usiione, unapunguza mwendo. Aliye mbele yako naye hakuoni, anapunguza. Habari inafika kwa daktari bila simu na bila honi. Kwenye lami iliyonyooka tulikaa mshazari, mmoja upande wa kulia wa njia yetu, anayefuata upande wa kushoto, na sekunde mbili kati yako na aliye mbele yako moja kwa moja. Kwenye kona na kwenye marramu, yaani barabara isiyo na lami, mstari mmoja, na nafasi iongezwe mpaka vumbi litulie. Kwenye njia panda wa pili anasimama pembeni na haondoki hadi Hajji apite. Kigumba, pale tunapoiacha barabara ya Kampala na kushika ya Masindi, Mwalimu alisimama muda mrefu kiasi kwamba vijana wa boda walianza kumuuliza kama anabeba abiria.

Sehemu iliyonifanya niandike jibu hili refu ni kati ya Pakwach na Karuma. Ukishavuka daraja la Nile unapakana na hifadhi ya Murchison Falls, na tembo huvuka barabara wanapotaka wao. Mwenye gari anafunga dirisha na kupiga picha. Mwenye pikipiki hana mlango. Tuliwakuta tembo upande wa kushoto, mama na mtoto, na mwingine ameshavukia kulia. Daktari alisimama mbali, injini inaunguruma chini kwa chini, hakuna honi. Mwenye 650 alikuwa anaona nafasi pana kabisa katikati yao, na kwa mashine yake angepita kabla hawajageuza shingo. Lakini Mwalimu je? Hajji alisogea polepole mpaka ubavuni kwa mwenye 650, hakusema kitu, akaweka tu mkono juu ya usukani wake. Tukangoja. Likaja lori, likapunguza, tembo wakajivuta, nasi tukapita kwa kujificha ubavuni mwa lile lori kama vifaranga. Angekuwa mkubwa wetu yuko mbele, asingeiona ile hamu ya mtu wa nne.

Nyani wa Karuma sina la kusema juu yao, isipokuwa kwamba msiwatupie ndizi. Ndizi hizo ndizo zinazowafanya wakae katikati ya lami.

Mbele ya Hoima mvua ilitukuta, na karibu na Kagadi tairi langu la nyuma likashika msumari. Hajji alikuwa ameshasimama kabla sijashuka. Waliotangulia walirudi baada ya dakika chache. Hapa niwasifu kidogo wenye mashine ndogo: tyubu ya Boxer ipo kila senta ya Uganda, na fundi wa kuiziba yupo chini ya mwembe. Ile 650 ingekatika kebo ya klachi, tungekuwa tunapiga simu Nairobi.

Baada ya Kyenjojo ni mashamba ya chai na kona za kupendeza, halafu baridi ya Fort Portal, na milima ya Rwenzori imejifunika mawingu kama kawaida yake. Kwenye mkusanyiko kulikuwa na namba za Kenya na Rwanda, na Wanyarwanda wale wamezoea kuendesha kulia, kwa hiyo nawavulia kofia. Watu wanadhani mambo haya ni mapya. Ule mkusanyiko mashuhuri wa Sturgis, Marekani, ulianza mwaka 1938. Lililonikera ni kuona vijana wa boda wamesimama ng'ambo ya uzio wakitazama, watu wanaokula kilomita kila siku kuliko sisi sote. Siku tulipozunguka mji kwa pikipiki waliingia wenyewe katikati ya msafara, na hakuna aliyethubutu kuwatoa. Na mkiani mwa msafara ule waandaaji waliweka pikapu yenye kamba na mafundi wawili, wazee watupu. Nilimtazama Hajji, naye akajifanya hanioni.

Kuhusu fedha, maana najua mhariri ataletewa swali hilo: tulichanga mfuko mmoja wa tyubu, chakula na dharura, na tulijaza mafuta kwa kufuata tangi dogo kuliko yote, hata mwenye nusu tangi alijaza. Wa mkiani hachangi, na oili ya tu-stroku ya Hajji ililipwa na mfuko. Mwenye 650 bado analalamika kwamba huo ni uonevu, na kwamba amesafiri nusu ya Uganda akiwa gia ya tatu. Tumemwambia nafasi ya mkia atapewa safari ijayo, akishajifunza kuziba tyubu.