Maswali na Majibu ya Hisabati: 22/7 Si Pai

Mwalimu, shikamoo. Mstari ulionyooka ukizungushwa juu ya tairi, nitajuaje kama utarudi ulipoanzia? (Msomaji, Temeke)

Marahaba. Tazama mwinamo wake. Ukiandikika kama sehemu ya namba kamili mbili, utarudi: wa 22/7 unajifunga baada ya mizunguko 7 ya kulizunguka tairi na 22 ya kupita kwenye tundu lake. Usipoandikika haurudi kamwe, na mwanahisabati Kronecker alionyesha mwaka 1884 kwamba utapita karibu na kila nukta ya tairi, karibu kadiri utakavyo.

Simu yangu inaandika pai 3.1415927. Si ina maana mkondo wake, yaani mstari wa mwinamo huo, unajifunga? (Ubungo)

Hapana, na swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno. Namba yoyote inayokoma kwenye kioo cha simu ni sehemu. Pai si sehemu. Walimu wenzangu, tafadhalini, acheni kuandika ubaoni kwamba pai ni sawa na 22/7. Andikeni "inakaribia". Mtoto aliyekaririshwa usawa ule hataelewa lolote katika haya.

Nitumie uwiano wa dhahabu (takriban 1.618) kupanga mkeka? (Mbagala)

Hapana. Tunza hela yako.

Mkondo wa pai na wa uwiano wa dhahabu yote inaenea tairi zima. Tofauti iko wapi? (Mwanafunzi, Mlimani)

Swali zuri. Chukua kanuni inayogeuza nukta (a, b) kuwa (b, a + b). Ni ya namba kamili na inarudishika kwa namba kamili, kwa hiyo inalirejesha tairi lote juu yake lenyewe. Uwiano wa dhahabu, tuuite φ, unatimiza φ² = φ + 1. Basi mwelekeo (1, φ), wenye mwinamo φ, unakuwa (φ, φ²), yaani φ mara (1, φ). Mwelekeo ni uleule, kasi tu imezidishwa mara 1.618. Vizidisho vya aina hii, ambavyo vyenyewe na kinyume chake (1 gawanya kwa kizidisho) ni namba kamili za aljebra, yaani hutimiza mlinganyo wa namba kamili unaoanza na kipeo kikubwa chenye kizidishi 1, ndivyo mwanahisabati Dirichlet alivyovichambua mwaka 1846. Pai si ya aljebra, yaani haitimizi mlinganyo wowote wa vipeo wenye namba kamili (mwanahisabati Lindemann, 1882), kwa hiyo vizidisho vyake ni 1 na −1 tu: muda kwenda mbele, au kurudi nyuma.

Na mzizi wa tatu wa 2? Nao ni wa aljebra. (Mwanafunzi yuleyule)

Juu ya tairi hili unabaki na 1 na −1 kama pai, kwa sababu mlinganyo wake ni wa kipeo cha tatu. Ongeza mzunguko wa tatu, tumia mwelekeo wa 1, mzizi huo na mraba wake, na vizidisho vinajitokeza. Msihubiri "aljebra" bila kutaja kipeo.

Haya yanamhusu nani mtaani? (Kigamboni)

Wavuvi wa Feri. Mwezi huvuta maji kila baada ya saa 12 na dakika 25, jua kila saa 12. Zikivuta pamoja ni bamvua, zikipingana ni maji mafu. Mwendo mmoja, mizunguko miwili, kama mstari juu ya tairi.