Maswali ya wasomaji: Jiwe la Lengai na namba yake

Mwezi huu barua tatu zimenifikia zikiuliza jambo moja kwa sura tofauti: namna ya kuingiza taarifa za sampuli za miamba kwenye kanzidata za pamoja za mtandaoni. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana mwenye barua bado ana mawe yake mkononi na kumbukumbu zake kichwani.

Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya uzamili ya jiolojia. Januari nilikwenda kwenye milima ya Oldoinyo Lengai, Kerimasi na Gelai, nikarudi na sampuli 42. Msimamizi wangu anataka kila jiwe lipate IGSN, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa sampuli, kabla sijaandika makala. Nimefungua jedwali la kujaza, safu ni nyingi na nyingine sielewi zinataka nini. Nianzie wapi? Na nikishaweka taarifa hadharani, mtu wa chuo kikubwa cha ng'ambo hatanitangulia kuchapisha?
*Mwanafunzi, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye mifuko ya mawe, jedwali liache kwanza. Leo jioni mwaga mifuko yote 42 sakafuni, fungua daftari lako la uwandani, na mbele ya kila mfuko hakikisha unaweza kujibu maneno manne: wapi, lini, nani aliokota, na jiwe lilikuwa katika hali gani. Usipoweza kujibu, andika sasa yale unayokumbuka, na uandike wazi kwamba umeyaandika kwa kumbukumbu. Baada ya miezi sita hutakumbuka.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya tisini nilikabidhiwa ghala la mawe la ofisi moja, na ndani yake sanduku la mbao lenye mawe ya Kerimasi yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino K1 hadi K34. Daftari halikuwepo. Mchwa walikuwa wamekula karatasi zote zilizokuwa chini ya sanduku. Kibaya zaidi, mle ndani mlikuwa na K7 mbili, kwa mwandiko wa watu wawili. Nilihangaika miezi mitatu nikilinganisha rangi, uzito na picha za zamani, nikafanikiwa kuyatambua mawe kumi na moja tu. Yaliyobaki yalikuwa mawe mazuri, watu walipanda mlima kwa jasho kuyafuata, na hakuna awezaye kuyatumia kwa lolote.

IGSN iliwekwa kwa ajili ya balaa hilo. Ilianzia kwenye SESAR, mfumo wa kusajili sampuli wa kituo cha utafiti cha Lamont-Doherty, katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 2004, na mwaka 2021 ikaungana kikazi na DataCite, shirika linalotoa DOI, namba za kudumu za kutambulisha data. Kwa jiwe, hiyo namba ni kama namba ya NIDA kwa mtu. K7 wanaweza kuwa mia duniani, lakini IGSN moja ni ya jiwe moja, hata jiwe likihamia Nairobi au Göttingen.

Sasa safu zinazokutisha. Nyingi si za lazima, nawe usijaze kitu usichokijua ili tu kisanduku kisibaki kitupu. Zipo chache ambazo ukizikosea umeharibu kila kitu, na ya kwanza ni ile ya mahali.

Kanzidata inataka latitudo na longitudo kwa digrii za desimali. Kilele cha Lengai kiko karibu na -2.764 na 35.914. Iangalie hiyo alama ya kutoa iliyo mbele ya 2. Ndiyo inayosema kusini. Ukiisahau, Mlima wa Mungu wa Wamaasai unahama zaidi ya kilomita 600 kwenda kaskazini, unakwenda kutua Turkana, na kompyuta haitakuambia kitu, kwa sababu Turkana nako ni mahali halali duniani.

Wewe una tatizo jingine ambalo nadhani hujaligundua. Umesema umekwenda Lengai na Gelai katika safari moja. Mstari wa longitudo 36 unapita katikati ya milima hiyo miwili, na ndio mpaka kati ya kanda ya 36 na kanda ya 37 za gridi ya UTM, ile inayotaja mahali kwa mita badala ya digrii. Kama GPS yako ilikuwa inaandika UTM, ilibadilisha kanda yenyewe bila kukupigia kelele. Tazama daftarini: namba za mashariki za Lengai zitakuwa laki nane na kitu, za Gelai laki moja na kitu. Ukizigeuza zote kwa pamoja kama za kanda ya 36, sampuli zako za Gelai zitaangukia kaskazini mwa Burundi, upande wa Kirundo. Nimewahi kuona jedwali la namna hiyo kwa macho yangu. Kwa hiyo zigawe mafungu mawili kabla hujazigeuza, kisha ziweke zote kwenye ramani ya simu yako uzitazame moja moja. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Safu ya pili ni ya hali ya jiwe, na kwa mlima wako hiyo ina uzito kuliko mahali pengine popote. Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani tunayoijua kutoa lava ya kabonati yenye sodiamu nyingi. Inatoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati lava ya basalti huzidi 1,000. Inatoka nyeusi. Ikikutana na unyevu wa hewa inaanza kupauka, na baada ya muda mfupi, saa kadhaa au siku chache, imekuwa nyeupe, kwa sababu madini yake, nyerereiti na gregoriti, hayastahimili maji. (Ndiyo, nyerereiti imepewa jina la Mwalimu Nyerere, na kila ninapoiandika kwenye jedwali moyo wangu unafurahi.) Kwa hiyo mtu atakayeisoma sampuli yako miaka ishirini ijayo lazima ajue: lava hii ilipookotwa ilikuwa na joto bado, au ilikuwa imelala siku tatu kreta imenyeshewa? Rangi yake ilikuwa ipi? Ulifunga kwenye chupa isiyopitisha hewa au kwenye mfuko wa kitambaa? Ilikatwa kwa maji au kwa mafuta? Kama ilikatwa kwa maji, sehemu ya jiwe imeyeyuka ikaenda zake, na anayepima sodiamu anapima mabaki. Jedwali huenda lisiwe na safu ya maswali haya yote. Yaandike kwenye safu ya maelezo, kwa sentensi kamili, usiogope urefu.

Jambo jingine ni uzazi. Ukishachukua jiwe moja ukakata kipande chembamba cha hadubini, ukasaga unga wa maabara, na nusu nyingine ukaihifadhi, hivyo ni vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kupata IGSN yake chenye namba ya mzazi wake. Watu wengi wanapaacha hapa, wanaupa unga ule ule namba ya jiwe. Siku matokeo mawili yanapogongana, hakuna anayejua kama unga ulichafuliwa au jiwe lenyewe lina sura mbili. Andika mzazi na mtoto tangu mwanzo.

Majina nayo yana hatari ya kimyakimya. Kijana mmoja aliokota mawe Marangu, akayaita MAR-1 hadi MAR-20. Alipoyafungua kwenye Excel, yakageuka kuwa tarehe za Machi. Wataalamu wa jeni wamepata shida hiyo hiyo, hata mwaka 2020 wakabadilisha majina rasmi ya baadhi ya jeni za binadamu ili Excel isiyaharibu. Wewe funga kwanza safu ya majina iwe ya maandishi, ndipo ubandike. Na mlima uite kwa tahajia moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine huandika Oldoinyo, Smithsonian huandika Ol Doinyo, wengine Oldonyo, na anayetafuta kwa tahajia moja anazikosa za wengine. Mimi huandika moja kwenye safu ya jina na nyingine zote kwenye maelezo.

Kuhusu kutanguliwa, nakuelewa, na sitakuambia kwamba hofu yako haina msingi. Lakini tofautisha mambo mawili. Kusajili jiwe ni kusema jiwe lipo, lilitoka wapi, na liko kwa nani. Majibu ya maabara ni kitu kingine, huingizwa kwenye hazina ya data kama EarthChem, nako unaweza kupanga tarehe ya kufunguliwa ili yabaki yamefungwa hadi makala itoke. Hata usajili wenyewe unaweza kuupangia tarehe. Ukiniuliza mimi, sajili mawe wazi mapema. Jina lako liko kwenye safu ya mkusanyaji na tarehe imeandikwa. Atakayetaka kuyatumia atalazimika kukutaja, na huenda akakutafuta mfanye kazi pamoja. Weka pia namba ya kibali chako cha utafiti cha COSTECH kwenye maelezo, ili ijulikane kwamba mawe yalitoka kwa utaratibu.

Nitumie jedwali lako kabla hujalipandisha. Nitalisoma lote.

Habari za kazi, Mama. Mashine yetu ikishindwa kupima elementi huandika alama ya "chini ya" halafu 0.5. Kanzidata inakataa alama hiyo, inataka namba tupu. Nimeweka 0 kote. Ni sawa?
*Fundi wa maabara, Mwanza*

Hapana, ndugu yangu, ziondoe leo hii. Sifuri ni kauli kwamba kitu hakipo. Mashine yako haikusema hivyo, imesema kama kipo basi ni kidogo kuliko inavyoweza kuona. Atakayepiga wastani wa mawe mia atazihesabu sifuri zako kama vipimo, na wastani wote utashuka kwa uongo. Acha kisanduku kitupu, na kwenye sehemu ya maelezo ya njia ya upimaji andika kikomo cha chini cha kila elementi. Majedwali mengine yana safu yake maalumu ya kikomo hicho, itafute vizuri kabla hujakata tamaa.

Na ukiwa hapo hapo, hakikisha umetaja kipimo, asilimia au sehemu kwa milioni, na umeambatanisha majibu ya jiwe la rejea, yaani lile ambalo vipimo vyake sahihi vinajulikana, mlilopima siku ile ile, iwe BCR-2, BHVO-2 au jingine. Bila hilo msomaji hana njia ya kujua kama mashine yenu ilikuwa timamu siku hiyo.

Hujambo Mama. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Miaka ya themanini nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kwenye volkano ya Menengai, na bado ninayo mawe 26 kwenye kabati, kila moja na lebo ya karatasi iliyoandikwa na mtoto aliyeliokota, pamoja na namba za gridi tulizosoma kwenye ramani ya 1:50,000. Je, mawe ya watoto wa shule yanakubalika?
*Mwalimu, Nakuru*

Shikamoo, Mwalimu. Yanakubalika, tena una bahati kuliko wengi, kwa kuwa umetunza lebo. Jiwe haliulizwi aliyeliokota alikuwa darasa la ngapi.

Tahadhari iko kwenye hizo namba za gridi. Ramani zile zilichorwa kwa datumi (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali kanzidata na simu zetu zinatumia WGS84. Ukizichukua namba kama zilivyo, kila jiwe litaonekana mita 300 hivi kaskazini ya pale lilipookotwa. Kwenye ramani yako hizo ni milimita 6, unaweza kuzifunika kwa ncha ya kidole, lakini Menengai mita 300 zinatosha kulitoa jiwe ukingoni likaonekana limetoka chini kwenye sakafu ya kaldera, lile bonde kubwa la volkano iliyoporomoka, na huko lava ni nyingine. Mwombe mtu mwenye programu ya ramani azigeuze kutoka Arc 1960. Kisha jaza latitudo na longitudo mpya, na kwenye maelezo andika namba za zamani kama zilivyo kwenye lebo, jina la karatasi ya ramani, na kwamba zilisomwa kwa jicho. Safu ya usahihi weka mita 100, kwa kuwa gridi ya tarakimu sita haisomeki zaidi ya hapo.

Lebo zipige picha pande zote mbili kabla hujagusa gundi, uziambatanishe. Na kwenye safu ya mkusanyaji, Mwalimu, usiweke jina lako kwa mawe yote 26. Wale watoto wako sasa ni watu wazima, wengine bila shaka una namba zao. Wapigie uwaombe ruhusa, kisha uweke kila jina mbele ya jiwe lake.