Mwanao Akicheza Futiboli Chuoni Marekani, Usimwachie Kocha Mambo ya Nidhamu

Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu au mtaa wa Eastleigh, akakulia Iowa au Texas, anaweza leo kujikuta na ufadhili kamili wa kucheza futiboli ya Kimarekani chuoni. Wazazi wake, ambao pengine hawajawahi kuelewa hata jinsi pointi zinavyohesabiwa katika mchezo huo, humshukuru Mungu na kumkabidhi kijana kwa kocha. Kocha alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akala pilau, akaahidi kumlea kama mwanawe wa kumzaa. Tangu siku hiyo, kila neno linalohusu mwenendo wa kijana hupelekwa kwa kocha. Ninaandika kuwasihi wazazi wenzangu tuiache desturi hiyo.

Mimi ni mfanyakazi wa utawala katika chuo kikuu kimoja huku, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa watumishi wanaoitwa kukaa katika bodi inayosikiliza mashauri ya nidhamu ya wanafunzi. Sina taaluma ya sheria, na kwa kuwa mashauri hayo ni ya siri, nimeondoa katika maelezo yangu kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Jambo ambalo nimeliona likijirudia ni kwamba mchezaji anapokosea nje ya uwanja hakabiliwi na mamlaka moja bali kadhaa, zisizosubiriana wala kuulizana, na kwamba sauti ya kocha ndiyo inayosikika zaidi ingawa katika mambo mazito ndiyo yenye nguvu ndogo.

Kocha anaweza kumweka benchi au kumwondoa kikosini. Ofisi ya nidhamu ya chuo ina kanuni zake, na inaweza kumfukuza masomo hata pale ambapo mwendesha mashtaka ameamua kutofungua kesi, kwa sababu kiwango cha ushahidi inachokihitaji ni cha chini kuliko cha mahakama ya jinai. Tuhuma zikiwa za kingono, inaingia pia sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, maarufu kwa jina la Title IX, ambayo ina ofisa wake na utaratibu wake ndani ya chuo. Ama NCAA, chombo cha michezo ya vyuo kilichoanzishwa mwaka 1906 na ambacho wazazi wengi hudhani ndicho mahakama kuu ya mambo haya, kwa kawaida hakiadhibu makosa ya jinai ya mchezaji mmoja mmoja. Chenyewe hushughulika zaidi na sifa za kucheza, fedha zisizoruhusiwa, udanganyifu wa masomo na kubeti.

Sisemi kwamba makocha wote hawana nia njema. Ninachosema ni kwamba kocha anaajiriwa ili ashinde mechi, na kalenda ya mechi huingia katika maamuzi yake hata asipotaka. Mwaka 1995, katika chuo kikuu cha Nebraska, mchezaji Lawrence Phillips alisimamishwa kwa kumshambulia msichana aliyewahi kuwa mpenzi wake. Kocha Tom Osborne, mtu aliyeheshimiwa sana, alimrejesha kabla ya msimu kwisha, kwa hoja kwamba kijana yule angepata utaratibu wa maisha ndani ya timu. Tarehe 2 Januari 1996 Phillips alicheza fainali ya ubingwa, Nebraska wakaifunga Florida 62 kwa 24. Baadaye maisha yake yaliandamwa na makosa mengine ya ukatili, na mwaka 2016 alifariki akiwa gerezani. Ninapowaeleza wazazi habari hii, baadhi husema kocha yule alikuwa na huruma. Mimi huwauliza huruma hiyo ilimfikiaje yule msichana.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa chuo kikuu cha Baylor, kule Waco, Texas. Mwezi Mei 2016 chuo hicho kilimwondoa kocha Art Briles, na rais wake, Ken Starr, akavuliwa wadhifa huo, baada ya uchunguzi wa mawakili kuonyesha jinsi malalamiko ya ukatili wa kingono yalivyopuuzwa. Kwa maoni yangu, sehemu nzito kuliko zote katika matokeo yale ni ile iliyoeleza kwamba makocha na wasaidizi wao walishikilia wenyewe nidhamu ya wachezaji na kuyaepusha baadhi ya mashauri yasifike kwenye vyombo vya chuo wala vya sheria. Mwezi Agosti 2021 NCAA ilitoa uamuzi kwamba, pamoja na ubaya wa yaliyotokea, haikuweza kusema kuwa kushindwa kutoa taarifa za ukatili huo kulivunja kanuni zake. Mzazi anayesubiri NCAA imlinde mtoto wake, au imlinde mtoto wa mwenzake dhidi ya mtoto wake, anasubiri mahali pasipo na mtu.

Katika chumba chetu cha mashauri nimewahi kumwona kijana mwenye mwili wa kuziba mlango akiwa ameketi na bendeji kwenye vidole viwili, mikono ameibana chini ya meza ili isionekane ikitetemeka. Barua ya kumwita ilikuwa imetumwa kwenye barua pepe yake ya chuo, na hakuwa ameifungua, kwa sababu mambo yote ya timu hupitia kwenye simu, katika kundi la ujumbe la wachezaji. Alipokuja kuisoma, muda wa kuwasilisha majina ya mashahidi ulikuwa umekwisha. Tulipomuuliza nani alimshauri, alijibu kwa adabu kwamba kocha msaidizi alimwambia "jambo hili litashughulikiwa". Lilishughulikiwa kweli, lakini na sisi tusiomjua, kwa karatasi zilizokuwa mbele yetu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna fahari yoyote: mfundishe mwanao kusoma barua pepe ya chuo kila siku, na kabla ya kambi ya mazoezi ya Agosti kaeni naye mpitie kanuni za mwenendo wa wanafunzi, hasa kurasa zinazoeleza siku za kujibu, haki ya kuja na mshauri, na namna ya kukata rufaa. Msitarajie kuitwa nyinyi. Sheria ya mwaka 1974 inayolinda taarifa za wanafunzi, ambayo watu huku huiita FERPA, humhamishia mwanafunzi wa chuo haki zote ambazo mzazi alikuwa nazo. Ikiwa kijana ni mtegemezi wenu katika ritani ya kodi, chuo kinaruhusiwa kuwaeleza, lakini hakilazimiki. Mwombeni kijana atie saini idhini mapema, wakati hakuna tatizo, maana siku ya aibu hataitia.

Liko jambo la pili ambalo linatuhusu sisi kwa namna ya pekee, nalo ni desturi ya kuyamaliza nyumbani. Baba mmoja wa Kikongo, mtu mzima anayeheshimiwa kanisani, alinipigia simu usiku baada ya mwanawe kulalamikiwa na msichana, akaniambia: "Ndugu, tafuta wazee watatu twende kwa wazazi wa huyo binti, tuombe radhi, tuyamalize kama watu." Nilimjibu kwamba, kwa heshima zote, asiende, asipige simu, asitume salamu kupitia kwa rafiki wa kijana, wala asimruhusu mchezaji mwingine kumwandikia msichana ujumbe wa kumbembeleza. Chuo hutoa amri ya kutowasiliana, na mara nyingi huhesabu ujumbe uliopitia kwa mtu mwingine kuwa ni uvunjaji wa amri hiyo. Kama polisi wameshaingia, ziara ya wazee watatu sebuleni kwa mlalamikaji yaweza kusomeka kama kumtisha shahidi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwao jambo hilo lingekuwa heshima. Sikubishana naye usiku ule. Lakini nimewasikiliza wasichana katika bodi ile, na nathubutu kusema kwamba hata kwetu kikao cha wazee kimewanyamazisha mabinti wengi kuliko kilivyowatendea haki.

Jambo la tatu ni uhamiaji, na hapa kocha hajui lolote, wala haimpasi kujua. Mchezaji aliye raia wa Marekani anaweza kukiri kosa dogo, akapewa muda wa uangalizi, hukumu ikaahirishwa, na mwaka ufuatao jambo likawa limesahaulika. Kwa kijana mwenye kadi ya kijani au viza ya mwanafunzi, kukiri huko pamoja na masharti yanayofuata kwaweza kuhesabiwa na sheria ya uhamiaji kuwa ni kutiwa hatiani, hata kama mahakama ya jimbo inasema vinginevyo. Makosa ya ukatili wa kinyumbani na ya dawa za kulevya yametajwa katika sheria hiyo miongoni mwa sababu za kumwondoa mtu nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky, iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri kosa. Bwana Padilla mwenyewe alikuwa ameishi Marekani zaidi ya miaka 40 na kuitumikia katika vita vya Vietnam. Tumia haki hiyo: mwambie wakili, katika dakika ya kwanza ya mazungumzo, kwamba kijana si raia. Bangi nayo imekuwa mtego. Mwezi Juni 2024 vyuo vya daraja la kwanza vya NCAA viliiondoa katika orodha ya vilivyopigwa marufuku, na majimbo mengi yameihalalisha, lakini kwa sheria ya shirikisho inayomhusu mhamiaji bado ni kosa.

Kuhusu kubeti nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko wengi wanakonaswa kwa sababu simu iko mfukoni na wenzao wote wanafanya. Uchunguzi uliotangazwa Iowa mwezi Mei 2023 uliwagusa wachezaji kadhaa wa vyuo vikuu vya Iowa na Iowa State, na miongoni mwao walikuwamo waliodaiwa kutumia akaunti zilizosajiliwa kwa majina ya ndugu zao. Mwaka uliofuata mashtaka dhidi ya baadhi yao yalifutwa, lakini misimu ilikwisha kupotea. Mama, kama kijana wako anakuomba picha ya kitambulisho chako ili "afungue programu fulani", mkatalie.

Magari ni suala jingine. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa hiyo kijana wa miaka 19 anaweza kuwa na gari lenye nguvu kuliko busara yake. Mwezi Januari 2023, saa chache baada ya chuo kikuu cha Georgia kusherehekea ubingwa, mchezaji mmoja na mfanyakazi mmoja wa timu walifariki katika ajali ya mwendo kasi. Jalen Carter, nyota wa timu hiyo ambaye polisi walisema alikuwa akishindana na gari lile, hakupinga mashtaka, akapewa miezi 12 ya uangalizi, faini ya dola 1,000 na saa 80 za kuitumikia jamii. Hata baada ya msiba ule wachezaji wengine wa timu hiyo waliendelea kukamatwa kwa mwendo kasi, na mwaka 2024 kocha Kirby Smart alieleza kwamba walikuwa wanakatwa fedha kupitia mfuko unaowalipa. Someni basi mkataba wa malipo kabla ya kuutia saini, mtafute kifungu cha mwenendo, na mjue ni kosa gani linaloruhusu malipo kusitishwa.

Mwisho kuna suala la ufadhili, ambalo familia huliachia njiani kwa kukata tamaa. Kuondolewa kikosini na kunyang'anywa ufadhili wa masomo ni mambo mawili. Chuo kikitaka kupunguza au kufuta ufadhili wa mchezaji, hakina budi kumpa taarifa ya maandishi na nafasi ya kusikilizwa mbele ya watu walio nje ya idara ya michezo. Nimeona vijana wakifungasha mizigo kwa sababu tu kocha aliwaambia wamekwisha, kumbe karatasi ya ufadhili haijaguswa na mtu.

Wala msidhani kuhamia chuo kingine kutayafuta yote. Ligi ya SEC, inayojumuisha vyuo vikubwa vya kusini mwa Marekani, iliweka mwaka 2015 kanuni ya kuwazuia wachezaji waliofukuzwa kwingine kwa makosa makubwa ya ukatili, na majimbo ya New York na Virginia yana sheria zinazotaka adhabu ya ukatili wa kingono iandikwe kwenye nakala ya matokeo ya masomo. Kocha wa chuo kipya akipiga simu, kijana aeleze mwenyewe kilichotokea katika mazungumzo yale yale ya kwanza, kwa maneno yanayolingana na yaliyo kwenye barua ya uamuzi, kwa sababu kabla ya kumpa nafasi wataiomba barua hiyo.