Mteja akipinga malipo ya kadi: jibu sababu iliyoandikwa, acha hasira

Hoteli na maduka mengi ya Lubumbashi yanapoteza kesi za kadi ambazo yangeshinda. Banki inaleta taarifa kwamba mteja amepinga malipo, dola zinakatwa kwenye akaunti, na mwenye kazi anajibu kwa barua ndefu: tulimpokea vizuri, alikula, alilala, huyu ni mwizi. Barua hiyo haimsaidii. Kwenye banki ya mteja, iwe Ubelgiji au Afrika Kusini, mtu anaangalia jambo moja tu: je, karatasi ulizotuma zinavunja sababu iliyoandikwa?

Kwa hiyo tafuta kwanza namba ya sababu. Visa 10.4, au Mastercard 4837, maana yake mwenye kadi anasema si yeye aliyelipa. Visa 13.1 ni huduma au mali haikufika, 13.7 ni mteja alighairi, 12.6 ni kulipishwa mara mbili, au kulipa tena kwa njia nyingine. Mastercard inaweka malalamiko mengi ya mteja chini ya 4853.

Kisha angalia tarehe ya mwisho. Kwa sababu nyingi mteja ana siku 120 za kulalamika. Wewe huna hata robo ya muda huo kwa kawaida, maana banki iliyokupa TPE, ile mashini ya kupitisha kadi, inahitaji siku zake ndani ya muda uleule. Ukikaa kimya umeshindwa. Taarifa zifike kwenye imeli inayosomwa na watu wawili, si ya mhasibu aliyeacha kazi.

Kesi ikiwa imefunguliwa, usimrudishie mteja pesa pembeni, hata akikubembeleza kwa WhatsApp: banki imeshakukata, utalipa mara mbili. Kama ulimrudishia kabla ya kesi, tuma risiti ya marejesho. Hiyo peke yake inaweza kufunga kesi.

Kwa 10.4, fiche ya hoteli (karatasi anayojaza mteja akifika) yenye sahihi na nakala ya pasipoti vinasaidia, lakini nguvu kubwa iko kwenye namna malipo yalivyopita. Mteja akithibitisha kwa 3-D Secure, ile namba ya siri (kodi) inayofika kwenye simu yake, hasara ya wizi inahamia kwa banki yake. Omba rekodi inayoonyesha ECI, alama ya kwamba mteja alithibitishwa: 05 kwa Visa au 02 kwa Mastercard. Namba ya kadi ikiandikwa kwa mkono kwenye TPE, hasara ni yako. Na ule mtindo wa kupiga picha kadi mbele na nyuma uachwe kabisa: kutunza zile tarakimu tatu za nyuma baada ya malipo kumekatazwa, na picha haithibitishi kwamba mwenye kadi alikubali. Badala yake mtumie mteja kiungo cha malipo.

Anayeuza kwenye intaneti ana njia nyingine kwa 10.4: manunuzi mawili ya zamani ya kadi ileile, ya kati ya siku 120 na 365 zilizopita, yasiyopingwa kama wizi, yanayolingana na malipo yanayopingwa angalau kwa mambo mawili, mojawapo likiwa anwani ya IP au kifaa.

Kwa 13.1, muuza vipuri anayetuma mzigo Kolwezi aonyeshe karatasi ya kupokea yenye jina, tarehe na sahihi. Fakture peke yake haitoshi, inaonyesha uliuza tu. Kwa 13.7, onyesha mteja aliona masharti ya kughairi kabla ya kulipa. Tangazo lililobandikwa mapokezi halimfikii aliyelipa akiwa Johannesburg.

12.6 mara nyingi inazaliwa na rezo (mtandao) mbaya. Mashini inakwama, mhudumu anapitisha kadi tena, na yote mawili yanapita. Chapisha kwanza orodha ya malipo ya siku hiyo. Kama ni mauzo mawili ya kweli, tuma fakture mbili na namba mbili za idhini. Kama ni kosa, kubali bila kujibu.

Weka yote kwenye PDF moja. Ukurasa wa kwanza: namba ya kesi, tarehe, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi, namba ya idhini, na mistari mitano ya maelezo. Karatasi ya Kifaransa iwekee tafsiri ya Kiingereza.

Banki ya mteja ikikataa tena, kinachofuata ni usuluhishi wa Visa au Mastercard wenyewe, na anayeshindwa analipa ada ya mamia ya dola. Kwa fakture ya dola 80, mimi ningeacha.

Kuna kesi zinazotokana na jina tu. Kibao mlangoni kina jina moja, taarifa ya kadi inaonyesha jina lingine, lile la kampuni kwenye RCCM (daftari la usajili wa biashara), mteja halitambui, anapinga. Lipa dola moja kwa kadi yako mwenyewe uone jina linalotokea, kisha iombe banki ilibadilishe au uliandike wazi kwenye kila risiti.