Mapazia ya kafa Ulaya

Ijumaa iliyopita wifi yangu alikuja kututazama. Hajamaliza kikombe cha chai, mkono uko kwenye pazia la ukumbini, anausugua ule ukingo kwa vidole kama mtu anayepima kitambaa. "Haya ya Dubai haya. Umeyapata duka gani, Mlandege?"

Nikamwambia sokoni Darajani, hapa Unguja, kwenye kafa Ulaya, yaani mitumba, chini, juu ya turubali. Mapazia manne, elfu kumi na nane. Aliuondoa mkono.

Huyu ndiye aliyemshika mwanangu kola mwaka juzi, sikukuu mosi, nyumba imejaa wageni, akainusa shati na kusema, "Mh, kafa Ulaya hii!" Watu walicheka. Mimi nikaenda jikoni kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Sijasahau, na sisemi kwamba nimesahau.

Basi nyie mnaoniuliza kila siku vitu vyangu navitoa wapi, leo nasema. Balo la mitumba likifunguliwa asubuhi, wanaotangulia ni wachuuzi na mafundi cherehani. Mazuri hutundikwa na bei hupanda. Yaliyobaki humwagwa chini, na huko ndiko kwangu. Naenda baada ya alasiri, muuzaji keshaanza kufikiria kufungasha. Siku ile kijana alianza na elfu thelathini. Sikuyatazama mapazia tena, nikashughulika na soksi za watoto. Baadaye nikalinyanyua moja juani: ukingo mmoja umepauka, jua la kwao limeula.

"Hili limeliwa, mwanangu."

"Mama, si utalikunja?"

Tukabishana mpaka kumi na nane. Kitu cha kutazama ndicho hicho: kiweke kwenye mwanga, vuta pindo, na kama ni nguo tazama kwapa na zipu. Nyumbani loweka usiku kucha kwa maji ya siki na chumvi, kisha anika juani. Harufu itakwisha.

Msinione mjanja, lakini. Ramadhani moja nilinunua blenda ya Kijapani kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya kontena mtaani kwetu. Nzito, safi, rahisi mno. Nikatia ukwaju, nikachomeka. Ililia kama honda inayopanda mlima, kisha moshi, na dakika kumi zimebaki adhana ya magharibi. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Imeandikwa chini ya kitako, 100V, namba ambazo hata mtoto anazisoma. Niliyatazama maandishi ya Kijapani nikaona siyaelewi, namba nikaziruka. Tulifuturu kwa maji. Siku hizi kitu cha umeme nakigeuza kitako kwanza, na nataka kiwashwe mbele yangu. Muuzaji akisema umeme hakuna, namsubiri urudi.

Na vibao vya ofa madukani, andikeni bei mapema. Dazeni ya sahani niliiona Shaaban kwa elfu ishirini na nane, nikaiandika kwenye simu. Ramadhani duka lile lile likabandika karatasi nyekundu: ilikuwa arubaini, sasa thelathini. Watu walikuwa wanasukumana.

Jamani, wanawake wenzangu, tunajitesa. Mtu anachukua mkopo wa kikoba anunue mapazia ya dukani ili jirani aone, kisha ada ya madrasa inamshinda, anamkwepa ustadhi njiani. Mapazia ni kitambaa cha kuzuia jua! Kama anayekuja kwako anakuja kunusa kola, mwache anuse, mtilie na kaimati.

Nasema hivyo, lakini nikiri jambo. Lile pazia lililopauka nimelitundika upande wa kabati, ukingo ule umeingia nyuma kabisa, na wifi alipokuwa akisugua vitambaa vyangu nilikaa upande huo huo wa kabati, sikuinuka mpaka alipoaga.